Mpaka Usio na Jiwe

Tarehe 3 Februari

Kaka,

Shikamoo. Jumapili uliniuliza swali kwenye simu, nikafungua mdomo kujibu, Mama akakunyang'anya simu aniulize kama nakula vizuri. Nilipomaliza kumhakikishia kwamba nakula, laini ikakatika. Basi nimeona bora niandike. Karatasi hainyang'anywi, tena kwenye simu huwezi kuchora.

Uliuliza ukingo wa shimo jeusi umetengenezwa kwa kitu gani. Umesoma gazetini kwamba kinachoanguka humo hakirudi, hata mwanga, ukataka kujua kama pale pana ukuta, au ngozi, au nini. Kaka, hapana kitu. Ni mahali tu. Ukiwa upande huu na ukawasha tochi kuelekea nje, mwanga wako siku moja utafika mbali. Ukiwa upande ule, hautafika kamwe. Mstari unaotenganisha hizo pande mbili ndio tunaouita upeo wa tukio, na mimi nimezoea kuuita mpaka, labda kwa sababu nimekulia nyumba moja na mpima ardhi.

Kazi yangu ya miaka hii mitatu ni kuangalia mpaka huo unavyozaliwa. Nachukua ganda la vumbi, kubwa kuliko jua, tupu ndani kama mpira, naliacha liporomoke kwa uzito wake lenyewe. Silichukui kwa mikono, usicheke. Ni hesabu ndani ya kompyuta, kwa kanuni za nadharia ya jumla ya uhusianifu, ile inayoeleza jinsi uzito unavyoupinda mwanga. Programu inasimamisha wakati kidogo kidogo, kama picha za sinema, na katika kila picha inatafuta mpaka uko wapi. Na nimekuta jambo ambalo Profesa anayenisimamia analitangaza kila anakopita. Mpaka haukui polepole. Picha moja haupo, picha inayofuata upo, tayari mkubwa. Unaruka.

Makala tumeshaituma kwenye jarida. Tarehe 20 Mei nitaitetea tasnifu mbele ya watu watano, na nikifaulu kuna nafasi ya kazi hapa hapa idarani, ambayo Profesa anasema ni kama yangu. Nasema "kama" kwa sababu tangu aniambie nimeacha kulala vizuri. Ninashuka ngazi mara nne kwa siku kuangalia sanduku la barua, wakati barua huja mara moja tu.

Ulinifundisha kugawanya kwa desimali juu ya mlango wa kabati, kwa chaki. Nataka hili ulielewe kabla yao.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 21 Februari

Kitinda,

Marahaba. Salamu za watu wote nimeziweka mwisho wa barua, ukizitafuta utazipata.

Nimesoma barua yako kazini, nikaisoma tena nyumbani, Wifi yako akaniuliza kuna nini, nikamwambia kuna shimo. Akaniambia nilifukie kabla mtu hajavunjika mguu. Huyo ndiye mkunga wetu: kila kitu kwake ni mguu, mkono au kichwa kinachotoka vibaya.

Sasa nikuulize kama mtu wa kazi yangu. Mimi nikiweka mpaka, nazika jiwe. Mtu akija na kamba, na darubini, na ramani, jiwe atalikuta. Akibisha, tunalifukua, tunalitazama wote. Wewe jiwe lako ungelizika wapi? Mtu akisimama pale penyewe, juu ya mstari, kipo kitu cha kumwonyesha kwamba hapa ndipo? Yaani mtu anaweza kuuvuka akaendelea na safari yake, anapiga na mluzi, bila kujua kwamba amekwisha kuvuka?

Hilo la mwisho nijibu vizuri. Limenikaa kichwani.

Ofisini hakuna jipya. Nimechukua likizo kidogo, mgongo unanisumbua. Usimwambie Mama kwamba nimekwambia habari ya mgongo, atanipaka dawa ile ya farasi.

Mama hajambo, Wifi yako hajambo, paka amezaa ndani ya sanduku langu la ramani. Hao ndio watu wote.

Kaka yako,
Mpima


Tarehe 8 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole na mgongo.

Swali lako la mwisho ndilo ambalo wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawaliulizi na wanapaswa kuliuliza. Jibu: ndiyo. Anaweza kuuvuka na asijue. Hakuna mtikisiko wala giza linaloshuka, na saa yake inaendelea kugonga kama kawaida. Anayemtazama kutoka mbali ndiye anayeona kioja: mwanga wa yule msafiri unazidi kuchelewa na kuwa mwekundu, hata anaonekana kama amegandishwa ukingoni. Lakini hiyo ni habari inayochelewa. Mwenyewe keshapita.

Jiwe la kuzika halipo. Ukisimama pale na vifaa vyote vya dunia ukapima kila kitu kinachokuzunguka, hutaweza kusema "hapa ndipo". Maana mpaka ule hauhusu kilichopo hapo ulipo. Unahusu kitakachoupata mwanga wako baadaye, na baada ya hapo, hadi mwisho.

Chukua ganda langu la vumbi. Mtu akikaa katikati ya ule mpira mtupu, lile ganda halimvuti upande wowote. Ndani yake ni patupu, mwanga unakwenda mstari ulionyooka, angeweza kunywa chai yake pale akidhani yuko mbali na kila balaa. Na ganda linamjia kutoka pande zote. Likishafika upana fulani, ambao tunaukokotoa kutokana na uzito wake, basi mwanga wowote utakaolifikia baada ya hapo hautoki tena. Na katika picha hiyo hiyo ndipo programu yangu inapouona mpaka ukizaliwa, wenye upana huo huo, papo kwa papo.

Nimekuwekea mchoro. Wima ni wakati, ulalo ni umbali kutoka katikati. Mstari unaoinama kuelekea kushoto ni ganda likiporomoka. Doti nyekundu ndipo mpaka unapozaliwa. Nje ya ganda usihangaike kuchora, mwanga huko unapindapinda.

Profesa amenipa ufunguo wa ofisi ambayo itakuwa yangu. Ina dirisha linalotazama maegesho ya magari. Nimeingia mara mbili, nikasimama, nikatoka. Sijathubutu kukaa kwenye kiti.

Kitinda


Tarehe 25 Machi

Kitinda,

Marahaba. Mchoro wako umefika. Nimeuhamishia kwenye karatasi ya miraba, kwa penseli ngumu, maana wewe tangu utoto mistari yako hulala kama mlevi.

Nje ya ganda sikugusa, kama ulivyosema. Lakini ndani umesema ni patupu na mwanga unanyooka. Kama unanyooka, basi na mimi naweza kuuchora. Nikaweka rula kwenye doti yako nyekundu, nikachora mwanga kurudi nyuma, kushuka kuelekea katikati, kuona ungekuwa umetoka pale lini. Umetoka mapema. Mapema sana kabla ya doti.

Sasa mchukue yule mtu wako wa chai, amekaa katikati. Anawasha tochi kidogo tu baada ya saa ile niliyoipata kwa rula. Mwanga wake unakwenda, unalifikia ganda, unalikuta limeshapita ule upana wa hatari. Hautoki. Umesema mwenyewe. Lakini wakati anawasha tochi, mpaka wako haujazaliwa bado. Picha zako zote za wakati huo zinasema hakuna mpaka popote.

Basi huyu amezuiwa na nini?

Kwangu mimi naona kama alikuwa ndani tayari. Naona mpaka ulianza pale katikati, mdogo kama ncha ya penseli, ukawa unapanuka ukifuata ule mstari wa rula hadi kwenye doti. Haukuruka. Programu yako ndiyo iliyochelewa kuuona. Labda nimekosea, mimi ni mtu wa viwanja. Nimerudia mara saba. Nimekuwekea karatasi yenyewe.

Siku hizi natembea sana. Daktari amesema kutembea ni dawa ya mgongo.

Mpima


Tarehe 6 Aprili

Kaka,

Nimepokea mchoro. Asante kwa bidii yako. Lakini naomba nikwambie kwa heshima zote: hii si kupima viwanja. Kazi hii imepitiwa na watu ambao wameifanya kwa miaka thelathini. Programu niliijaribu kwenye shimo lililotulia, ikaukuta mpaka pale pale unapotakiwa kuwa, hadi desimali ya tisa. Mambo ya mwanga katika wakati uliopinda hayachorwi kwa rula.

Zimebaki wiki sita. Nahitaji utulivu. Tutaongea baada ya utetezi.

Msalimie Mama.

Kitinda


Tarehe 10 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Mimi si mwandishi wa barua, mikono yangu imezoea kushika vichwa vya watoto, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Naandika bila kaka yako kujua.

Naomba uniambie ukweli mnaandikiana nini. Barua zako anazifungia. Anakaa mezani na rula na penseli hata chakula kinapoa. Nikimuuliza, anasema ni habari za mwanga. Wifi, nimeolewa miaka kumi na miwili, mwanaume akianza kuongea habari za mwanga mke lazima afungue macho.

Amekwambia yuko likizo? Likizo gani ya miezi miwili? Mgongo wake mzima, juzi kahamisha kabati peke yake. Kila asubuhi anatoka na mkoba wake wa kazi, jioni anarudi viatu vimejaa vumbi, hasemi alikokuwa. Nilimtuma mwenzangu wa kliniki, ana pikipiki, amfuate kwa mbali. Anasema alimkuta upande wa maghala, amesimama nyuma ya ukuta mrefu, ameshika utepe wa kupimia. Anapima, anaandika, anafuta, anapima tena pale pale. Akamkuta hivyo siku tatu.

Nilikuwa najiandaa kwa mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Ukuta sijui nauanzia wapi.

Mama naye ameona. Jana alimwambia mbele yangu, "Mwanangu, anayejikuna sana anajua panapowasha." Akaondoka mezani.

Kama unajua kitu, niambie.

Wifi yako


Tarehe 24 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naandika barua hii nikiwa nimesimama, kwenye rafu ya vitabu, kwa sababu nikikaa nainuka.

Nilitaka kukuonyesha kwamba umekosea. Ile karatasi yako ya miraba niliiweka ukutani ili nikutumie pamoja na masahihisho. Nikafanya hesabu yako kwa njia ndefu, bila rula, kila hatua. Siku ya kwanza ikatoka kama ulivyosema. Nikadhani nimechoka. Siku ya pili ikatoka hivyo hivyo. Siku ya tatu nikafungua programu, nikasoma ile sehemu inayotafuta mpaka, ambayo haikuandikwa na mimi. Iliandikwa na mwanafunzi mmoja aliyepita hapa zamani, na aliipa jina "mpaka", basi. Mimi nikaamini jina.

Kaka, inatafuta kitu kingine. Inatafuta mahali ambapo, katika picha ile moja, mwanga uliotupwa nje haupanuki. Huo nao ni mpaka, una jina lake, na unaweza kupimwa hapo hapo ulipo. Shimo likiwa limetulia, mipaka hiyo miwili hulala mahali pamoja, ndiyo maana jaribio langu lilipita. Shimo likiwa linazaliwa, inaachana. Ule wa kweli huwezi kuukuta kwa picha moja. Lazima uache kila kitu kiporomoke hadi kitulie, kisha uufuate mwanga kurudi nyuma. Kama ulivyofanya na rula yako.

Na kinachoniua ni hiki. Nilijua. Kila mtu wa fani hii anajua. Ukurasa wa kumi na moja wa tasnifu yangu nimeandika kwa mkono wangu kwamba mipaka hiyo ni miwili na isichanganywe. Ukurasa wa thelathini na nne nimeichanganya. Na Profesa kasoma zote mbili.

Sijamwambia mtu. Wale watano watasoma haraka, nawajua, wataangalia grafu. Nikinyamaza wiki nne nitapita, kazi nitapata, kisha nitaandika masahihisho polepole kana kwamba nimeyagundua baadaye. Nimelifikiria hili kila siku, tena kwa mpangilio, hadi sentensi za kuomba radhi nimeshazitunga.

Nishauri. Wewe ndiye mtu pekee anayejua.

Na unisamehe ile barua. Niliandika "kwa heshima zote", na heshima haikuwemo hata moja.

Jambo jingine. Wifi ameniandikia. Sitaki kumchongea, ana hofu tu. Kaka, unapima nini nyuma ya ukuta?

Kitinda


Tarehe 7 Mei

Kitinda,

Marahaba, mdogo wangu. Kukusamehe ni kazi ndogo, nimeshaimaliza.

Ushauri sina. Ukisoma barua hii hadi mwisho utajua kwa nini.

Miaka tisa iliyopita niliitwa kupima mstari kati ya viwanja viwili kule kwenye maghala. Upande mmoja tajiri mwenye ghala, upande mwingine fundi viatu na familia yake. Fundi alisema mpaka wake unapita nje ya jiko lake. Mwenye ghala akasema unapita ndani ya jiko. Nilianzia kwenye jiwe la kona karibu na barabara, nikavuta mstari, ukapita ndani ya jiko. Mahakamani nikaulizwa kama nina hakika, nikasema nina hakika, mawe hayasemi uongo. Fundi alisimama akasema jiwe lile lilisogezwa wakati barabara inachongwa, kwamba aliliona kwa macho yake likisukumwa na tingatinga. Hakimu akanitazama. Nikasema, "Kila anayeshindwa husema jiwe limesogea." Watu wakacheka. Nilikuwa na miaka thelathini na moja na shati jeupe.

Jiko likabomolewa, ukuta ukajengwa.

Januari mwaka huu nilitumwa kupima barabara hiyo hiyo kwa ajili ya bomba. Safari hii nikaanzia jiwe la pili, la upande wa mto, ambalo miaka tisa iliyopita sikulifuata kwa sababu kulikuwa na tope. Mistari miwili haikukutana. Mita nne na nusu. Jiwe la kona lilisogezwa, Kitinda. Nimepima tangu wakati huo mara kumi na tisa. Nimebadilisha utepe. Nimeazima darubini ya watu wengine. Kila mara mita nne na nusu.

Swali langu la kwanza kwako, kama mtu anaweza kuvuka bila kujua, sikuliuliza kwa ajili ya nyota. Lakini usije ukanitengenezea mfano wa shimo jeusi hapa, nimeshajaribu mwenyewe na ni kujifariji tu. Huyo msafiri wako hana namna ya kujua. Mimi nilikuwa nayo. Ilikuwa ng'ambo ya tope. Huku ni jiwe lililosogea na mtu ambaye hakwenda kuangalia.

Likizo si likizo. Nilikataa kutia sahihi ramani ya bomba na sikusema kwa nini, wakaniambia nikae nyumbani hadi nitakapoongea. Nikiongea leseni inakwenda, na labda mahakama itaniita. Wifi yako nimemwambia jana. Alilia, kisha akaniambia aliwahi kuniwekea mpelelezi wa pikipiki, tukacheka, kisha akalia tena.

Ile michoro yako, sitakuficha, nilikuwa naikimbilia. Kupata kosa kwenye kazi ya mtu mwingine ilikuwa raha. Nilipolipata nilifurahi siku nzima.

Sasa niambie mimi nikushauri nini?

Mpima


Tarehe 19 Mei

Kaka,

Shikamoo.

Barua yako imefika leo, na mimi nilikwenda kwa Profesa siku tano zilizopita. Kwa hiyo usidhani umenisukuma. Sikujua lolote lako wakati nabisha hodi.

Nilimpa karatasi yako ya miraba, si hesabu zangu. Akachukua rula, akachora juu ya mstari wako. Akaniuliza nani ameuliza swali hili. Nikasema kaka yangu. Akauliza ni mwanafizikia wa wapi. Nikasema ni mpima ardhi. Akavua miwani, akaifuta, akasema makala itaondolewa kesho na barua ataiandika yeye, maana jina lake ndilo la kwanza. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ukurasa wa kumi na moja niliupigia tiki." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Utetezi umesogezwa hadi Septemba. Sura ya nne naiandika upya, mara hii nikiufuata mwanga kutoka mwisho. Tayari naona mpaka ukianza katikati kama ncha ya penseli. Ni mzuri, Kaka. Unakua mle kwenye utupu, kabla vumbi halijafika, pasipo kitu chochote cha kuuonyesha. Nilikaa nikautazama kwenye skrini, kwa nusu saa nikasahau kwamba nimeharibikiwa.

Maana kazi imekwenda. Nafasi ilitaka mtu wa kuanza Julai, wamempa mwingine. Ufunguo nimeurudisha. Kibali changu cha kukaa kinaisha Oktoba na sijui nitakuwa wapi. Nilidhani nikishasema nitapumua. Sijapumua bado. Kilichobadilika ni kwamba nikikutana na Profesa kwenye ngazi sihesabu tena maneno.

Sikushauri. Nakueleza tu kilichotokea huku.

Profesa anataka ushukuriwe kwenye ukurasa wa mbele wa tasnifu. Ananiuliza cheo chako kamili.

Kitinda


Tarehe 5 Juni, Ijumaa

Kitinda,

Marahaba. Cheo mwambie asubiri kidogo. Leseni nimeikabidhi Jumanne pamoja na taarifa ya kurasa sita, nakala moja ofisini, nyingine mahakamani. Mkuu wangu alisoma ukurasa wa kwanza akaniuliza kama naumwa. Nikasema hapana. Akasema ningeweza kusahihisha kimya kimya, nikaandika kwamba kumbukumbu zimehuishwa, nani angejua. Nikamwambia ninaye mdogo wangu aliyeyafikiria hayo hayo kwa mpangilio mzuri zaidi. Hakuelewa. Faili limefunguliwa. Wameniambia kesi ya kiwanja itarudiwa, na ukuta huenda ukashuka. Mimi ningoje barua.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya jana.

Nilikwenda kwa fundi viatu. Mama alisema nisiende na mkoba wa kazi, nikaenda mikono mitupu. Siku hizi anafanyia kazi chumbani, maana kibanda chake cha kazi nacho kilikuwa upande ule uliobomolewa. Chumba kimoja, kitanda, cherehani ya kushonea ngozi karibu na dirisha, viatu vya watu vimepangwa chini ya kitanda kila jozi na karatasi yake. Alinijua kabla sijatoa salamu. Amezeeka, lakini macho ni yale yale ya mahakamani.

Sikukaribishwa kukaa. Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimwambia kuhusu jiwe la pili, tope, mita nne na nusu, kwamba alisema kweli na mimi niliwachekesha watu mahakamani kwa kumdhihaki. Nikasema taarifa nimeshapeleka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nimejiandaa hata kwa nyundo, iko pale pale karibu na mkono wake. Aliendelea kupitisha uzi kwenye soli hadi akamaliza upande mmoja.

Kisha akasema, "Ardhi tutaona. Mimi miaka tisa nimekuwa mwongo mbele ya watoto wangu. Waambie wewe."

Akawaita. Wakaja wawili, binti wa miaka kama kumi na sita na mdogo wake wa kiume, na mama yao nyuma akijifuta mikono. Nikarudia yote. Kuongea mahakamani ni rahisi, Kitinda, kule kuna lugha ya kujifichia. Pale nikisema "kipimo kilikosewa", yule binti ananiuliza, "Nani alikosea?" Nikasema mimi. Akauliza kama nilijua siku ile. Nikasema sikujua, lakini ningeweza kujua na sikwenda kuangalia. Akamgeukia baba yake. Yule mdogo aliuliza kama jiko litajengwa tena, mama yake akamwambia anyamaze.

Hakuna aliyelia wala kunishika mkono. Mama yao alisema neno moja, kwamba siku ile mahakamani alikuwa na mimba ya huyu mdogo.

Fundi alinisindikiza hadi barabarani. Nilidhani anataka kuniambia jambo la siri. Akasema hajanisamehe, nisiende kutangaza kwamba amenisamehe. Nikasema sawa. Akasema mwanawe mkubwa hayupo, yuko kwenye kazi ya ujenzi mji wa pili, anakuja nyumbani mwisho wa wiki. Huyo ndiye alikuwa anapigana shuleni kila aliposikia baba yake akiitwa mwongo wa mawe. Alifukuzwa shule kwa ajili hiyo, hakurudi tena.

"Na yeye asikie kwa mdomo wako," akasema. "Mimi nikimwambia ataona namfariji."

Nikamuuliza lini. Akasema Jumamosi, saa nne asubuhi, kabla kijana hajatoka.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Wifi yako ameninyooshea shati la rangi ya kijivu, jeupe nimemwambia aliweke. Mama anauliza kama aje na mimi, nimemwambia hapana. Mwandikie yeye kidogo, anakuwaza. Mimi tangu jana nazunguka chumba hiki, nakaa, nainuka, naanza sentensi ya kwanza ya kumwambia yule kijana, naiacha. Kwa ndugu zake nilianza na jiwe. Kwake nadhani nianze na jina la baba yake.

Jumamosi ni kesho.

Mpima